Tuliyofundishwa na Wanafunzi Wetu

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kikundi cha wanaojitolea, mbele ya waumini na majirani, katika sherehe za kumbukumbu ya hekalu letu, Musoma





Kamati ya Maadhimisho imetuomba tueleze kazi tuliyoifanya pamoja na wanafunzi wa Musoma, Bunda na Butiama. Tunaishukuru kwa heshima hiyo. Lakini tangu mwanzo tungependa kusema kwamba hatukuja kujisifu. Anayejitolea kisha akasimama kuhesabu alichokitoa, huwa amekwisha kukichukua tena. Tumekuja kueleza tulipokosea, tulichojifunza, na mwishoni kuwaomba jambo moja ambalo bila ninyi haliwezekani.

Sisi tu watu tisa. Watano tunaishi hapa Musoma na Bunda. Wenzetu wanne ni wana na wajukuu wa familia zilizokuwa na maduka katika mkoa huu, na sasa makazi yao ni Leicester na London. Hao wanne walichukua likizo kazini, wakajilipia nauli, wakaja kukaa nasi wiki sita. Kazi yetu ilikuwa moja: kukutana na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne baada ya masomo, kuwasaidia kulitoa wazo la biashara kichwani na kulitia katika karatasi, kisha kwenda nalo sokoni likapimwe.

Kazi ya namna hii si ngeni duniani wala nchini kwetu. Mwaka 1958 lilianzishwa Uingereza shirika la VSO la kuwapeleka watu kujitolea ng'ambo. Mwaka 1961 Marekani ilianzisha Peace Corps, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuwapokea vijana wake. Kundi lile la kwanza lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Mwaka 2011 Serikali ya Uingereza ikaanzisha mpango uliowakutanisha vijana wake na vijana wa nchi wenyeji, wakaishi na kufanya kazi pamoja, na Tanzania ilikuwamo. Na huko Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge wamefanya kazi kwa miaka kadhaa na wanafunzi wenzao wa Tanzania, na miongoni mwa kazi hizo ni kuwasaidia vijana kukuza mawazo ya biashara.

Hata hivyo, watu wa Mara hatukuhitaji kwenda mbali kutafuta fikra ya elimu inayoshika kazi. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka shule zisimtenge mtoto na maisha ya wazazi wake. Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana papa hapa mjini na kutoa Azimio la Musoma. Azimio hilo liliharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, na likataka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Watu wanaweza kubishana juu ya utekelezaji wake. Lakini swali lililoulizwa katika mji huu mwaka ule ndilo lililotukuta sisi nasi: elimu iliyomo darasani na elimu iliyomo kazini zitakutana wapi, na nani atazikutanisha?

Ndugu zetu, tuanze na Musoma, kwa kuwa ndiko tulikoaibika kwanza.

Kundi la wanafunzi sita lilikuwa na wazo la kununua dagaa mwaloni, kuwaanika juu ya vichanja badala ya mchangani, kuwafunga katika pakiti safi na kuwauza madukani. Lilikuwa wazo zuri, kwani dagaa aliyeanikwa chini hubeba mchanga, na mnunuzi wa mjini yuko tayari kulipa zaidi kwa aliye safi. Mwenzetu mmoja kutoka Leicester, mhasibu kwa taaluma, aliwaandalia jedwali katika kompyuta: ndoo kadhaa kwa siku, mara siku thelathini, toa gharama ya usafiri, vifungashio na kibarua, na faida ikaonekana chini ya mstari. Wanafunzi waliitikia, "Ndiyo, mwalimu." Tulipongezana.

Jumamosi tulikwenda Mwigobero kulipima wazo letu. Mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa alitukaribisha, akasikiliza maelezo yote kwa subira, kisha akauliza kwa upole: "Wanangu, na mwezi ukiwa mpevu mtaanika nini?"

Hapo hesabu yetu yote ikaanguka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta kukiwa na giza. Mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa, taa ya mvuvi hupoteza nguvu, na wavuvi huitumia nafasi hiyo kupumzika na kushona nyavu. Mwezi wa mvuvi wa dagaa hauna siku thelathini. Jedwali letu lilikuwa limevua samaki katika siku ambazo mitumbwi iko pwani.

Lililotuumiza zaidi tulilisikia njiani tukirudi. Mmoja wa wasichana wale ni mtoto wa mvuvi. Alilijua jambo hili tangu utoto wake. Tulipomuuliza kwa nini alinyamaza, alijibu akiwa ameinamisha kichwa: "Ninyi mmetoka mbali, na mlikwisha kuandika. Niliogopa kuwaaibisha."

Mgeni wetu alikuwa na udhuru, kwa maana hakuzaliwa hapa. Sisi wenyeji je? Karibu katika kila duka letu iko kalenda ukutani yenye Purnima na Amavasya. Tunafunga kwa mwezi na tunasherehekea kwa mwezi. Diwali yenyewe huangukia usiku wa giza. Mara ngapi tumewasha taa zetu usiku ule, tukaona na taa za wavuvi kule ziwani, tukasema zinapendeza, wala tusijiulize kwa nini usiku huo ziko nyingi? Tumeishi mlango kwa mlango na elimu hii na hatukuipigia hodi.

Tangu siku ile tuliweka kanuni: kabla mlezi hajasema neno, mwanafunzi aeleze kwanza anachokijua yeye kuhusu kitu anachotaka kukiuza, na sisi tuandike. Wanafunzi wale wakalifumua jedwali na kulisuka upya. Wakati wa giza watanunua na kukausha kwa wingi, watahifadhi vizuri, na wakati wa mbalamwezi, dagaa wanapoadimika na bei kupanda, ndipo watauza. Kasoro ileile iliyoliangusha jedwali letu ikawa ndiyo nguzo ya biashara yao.

Kutoka Musoma twende Bunda. Huko wanafunzi wawili, ndugu wa familia moja ya wakulima wa pamba, walitaka kushona na kuuza sare za shule. Sisi tuliwashauri wauze kwa fedha taslimu tu, wasikopeshe mtu yeyote. Ushauri huo umeandikwa katika vitabu vingi, na katika vitabu ni sahihi. Wao wakasema kwamba wakifanya hivyo hawatauza. Safari hii, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kufundishwa Musoma, tulinyamaza na kuwasikiliza.

Sare hutakiwa Januari, shule zinapofunguliwa. Fedha ya pamba huonekana katikati ya mwaka, msimu wa ununuzi unapofunguliwa. Kati ya nyakati hizo mbili mkulima ana watoto wa kuvisha, na mfukoni hana kitu. Tuliwapeleka vijana wale kwa mzee mmoja wa jamii yetu aliyeuza nguo Bunda kwa miaka mingi. Walimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia marahaba na kuwaketisha nyuma ya meza, upande ambao mnunuzi hafiki. Kisha akatoa chini ya meza daftari lake la madeni.

Kwa muda wa saa moja aliwafunulia ukurasa baada ya ukurasa. Hapa ni jina, hapa tarehe, hapa kiasi. Huyu alilipa kidogo kidogo, na huyu alilipa yote siku aliyouza pamba. Huyu mvua ilimkataa mwaka ule, deni likavuka hadi msimu uliofuata, na mwaka uliofuata akalipa bila kudaiwa. Akawaeleza jinsi alivyopima mtu wa kumkopesha na jinsi alivyoweka kando sehemu ya faida kwa ajili ya deni lisiloweza kurudi. Vijana wale wakapata wazo ambalo hata sisi hatukuwa nalo: wazazi waanze kuweka fedha kidogo kidogo kwao tangu wakati wa kuuza pamba, kila malipo yaandikwe katika kadi, na sare ikabidhiwe Desemba. Kwa njia hiyo mkulima hakopi, wala fundi hakopeshi.

Tulipokuwa tukiaga, yule mzee alisema neno ambalo tuliomba ruhusa yake kulirudia leo bila kumtaja jina. Alisema: "Vijana waliofanya kazi katika duka langu walikuwa wengi, na wengine walikaa nami miaka kumi. Hakuna hata mmoja niliyemwonyesha daftari hili. Na hakuna aliyeniomba, kwa sababu walijua nisingekubali."

Tutarudi kwenye neno hilo. Kwanza tumalizie safari yetu Butiama, kijiji alikozaliwa Mwalimu na alikolazwa, Mwitongo. Huko tulifanya kazi na msichana wa kidato cha tatu aliyetaka kuuza unga wa uji wa ulezi uliochanganywa na nafaka nyingine. Hesabu zake zilikuwa safi kuliko za wote. Sisi tulimwongezea jambo moja tu, kwamba jasho la mama yake aliyekuwa akichambua na kutwanga bila malipo nalo ni gharama, na liandikwe. Alilikubali, akaliandika, akapandisha bei kidogo, na wateja hawakumkimbia.

Siku ya kuagana, wenzetu wa Uingereza walipokuwa wakitoa zawadi za kalamu na madaftari, alinyosha mkono akauliza: "Mkienda, hesabu zangu nitampelekea nani anisomee?"

Mmoja wetu aliahidi kwamba atakuwa akizisoma kwa njia ya simu. Kwa muda wa miezi miwili alifanya hivyo kwa uaminifu. Kisha majibu yakachelewa, kisha yakakoma. Hatumlaumu mwenzetu, na yeye mwenyewe ametutaka tuliseme hili hadharani. Ana kazi yake na watoto wake. Lakini msichana yule alibaki na daftari na swali lake. Lilikuwa swali la haki, na katika watu wazima tisa hapakuwa na mmoja aliyelifikiria kabla ya kuanza.

Wazee wetu, majirani zetu, sasa tulirudie daftari la Bunda.

Wengi wa waliotutangulia walifika nchi hii wakiwa vijana wadogo kutoka Kutch na Kathiawar, bila mtaji. Hawakupita chuo cha biashara. Walilala katika duka la ndugu au la mtu wa kijiji chao. Walifagia, wakapima, wakaandika, wakakosea, wakakaripiwa, wakarudia. Baada ya miaka kadhaa walipewa mali kauli, wakaenda kufungua duka lao mbele zaidi. Allidina Visram, ingawa alikuwa Mwismaili na si wa hekalu, alipita njia hiyohiyo: alitoka Kutch akiwa kijana, akawa msaidizi wa Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, na baadaye maduka yake yakaenea hadi Uganda. Mlezi wake hakukaa wiki sita. Alikuwa jirani yake kila siku, na alimfunulia daftari.

Sisi bado tunaienzi kumbukumbu hiyo. Kila Diwali tunafanya Chopda Pujan, tunafungua daftari jipya na kuandika maneno mawili, Shubh na Labh, yaani heri na faida, na heri hutangulia. Lakini heri hiyo tuliwapa watu wa nyumba zetu tu. Maneno yetu ya biashara yalivuka bahari yakawa Kiswahili: laki, hundi, bima. Maneno tuliyagawa, maarifa yaliyo nyuma yake tukayaweka chini ya meza.

Tunajua kuwa historia hii ina pande nyingi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na baada ya Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971, familia nyingi za Kiasia ziliondoka Tanzania, na wenzetu wanne ni wajukuu wa safari hizo. Kila upande una uchungu wake, na leo si siku ya kuufufua. Tunasema hili tu, nasi tunalisema kwanza juu yetu wenyewe: kwa miaka mingi jirani alipotutazama, aliona duka lililo wazi na daftari lililofungwa. Hapendi mtu kuishi jirani na elimu asiyoruhusiwa kuigusa.

Tumeulizwa na baadhi yenu, na ni swali la haki, kama isingekuwa bora wenzetu wangebaki Leicester na kuituma nauli yao hapa. Tumelijadili kwa uwazi, wao wenyewe wakiwapo. Jibu letu ni hili. Kama walikuja kufundisha tu, basi nauli ingefaa zaidi. Lakini mgeni ana faida moja ambayo mwenyeji hana: huuliza maswali ambayo mwenyeji ameacha kuyauliza. Ni jedwali lake lenye kosa lililotupeleka Mwigobero. Bila wao tusingelifika kamwe nyuma ya meza ile ya Bunda, hali tumepita mbele yake maisha yetu yote. Mgeni anaweza kufungua mlango. Kuukalia mlango huo wazi mwaka mzima ni kazi ya mwenyeji.

Kwa hiyo ombi letu ni hili, nalo tunalitoa kwa kila mwenye duka, karakana, mashine ya kusaga, shamba au chombo ziwani, awe mwumini wa hekalu hili au jirani yetu. Mchukue mwanafunzi mmoja, au wawili pamoja, alasiri moja kwa juma, kwa mwaka mzima wa shule. Shule na wazazi watoe idhini kwanza. Kwa wasichana, wawe wawili daima, na mama mmoja wa jamii awepo. Wasije kufagia wala kubeba magunia. Waketi nyuma ya meza, wafundishwe kuandika mauzo, manunuzi, deni na akiba, na waruhusiwe kuuliza jambo lolote, hata lile ambalo litatuaibisha.

Msianze na fedha. Tumeona kwamba fedha ikitangulia, wazo hugeuka kuwa ombi. Mkisoma daftari la kijana kwa miezi kadhaa mkaona ameandika hata hasara zake bila kuficha, hapo mtajua wenyewe kama anastahili mali kauli, kama vile wazee wetu walivyojulikana.

Serikali imeliingiza somo la Elimu ya Biashara katika mtaala mpya wa sekondari. Mwalimu wa somo hilo ana kitabu, nanyi mna soko. Wote wawili mnamhitaji mwenzenu. Wenzetu wa ng'ambo nao tumewapa kazi yao: wasiahidi kusoma hesabu za watoto kumi, kila mmoja amsomee mwanafunzi mmoja, mara moja kwa mwezi, siku ya Purnima, siku ambayo hakuna kati yetu atakayesema ameisahau.

Wanafunzi wa dagaa wako hapa leo, wamekaa safu ya nyuma. Hawajatajirika. Wamepata hasara mara mbili na faida mara kadhaa, na yote yameandikwa. Msichana wa Butiama naye amefika na mama yake. Daftari lake sasa linasomwa na mama mmoja mwenye duka aliyejitokeza bila kuombwa. Mkipata nafasi baada ya chakula, msiwape pongezi tu. Waombeni wawafungulie madaftari yao, na ninyi muwaahidi kuwafungulia yenu.

Hekalu hili lilijengwa na watu waliotoa walichokuwa nacho, wengine fedha, wengine jasho, na majirani wasio wa dini yetu walishika mikono katika kazi hiyo. Tunachowaomba leo hakihitaji tofali wala saruji. Ni kiti kimoja nyuma ya meza. Diwali ijayo tutakapofungua madaftari mapya na kuandika Shubh na Labh, tungependa karibu na kila mmoja wetu awepo mtoto wa jirani anayetazama mkono unavyoandika, naye akijua kwamba ukurasa unaofuata ataandika yeye.

Mwenyezi Mungu atujalie sote heri, na faida iifuate.